The Pitt sizoni ya kwanza: kwa nini kile chumba cha kusubiri hakiishi watu

Kama umeangalia sizoni ya kwanza ya The Pitt, ile tamthilia ya Marekani kuhusu idara ya dharura ya hospitali, utakuwa umeona kitu kimoja kinajirudia: yule mama wa utawala, Gloria Underwood, anashuka kutoka ofisini, anamkuta Dr. Robby, daktari mkuu wa shifti, katikati ya mbio, anamwambia alama za kuridhika kwa wagonjwa ziko chini, Robby anamjibu kwa hasira kuhusu vitanda, wanaachana wamenuniana. Wengi wanauchukulia kama ugomvi wa kawaida wa bosi na mfanyakazi, kitu cha kunogesha tu. Mimi naona hapo ndo stori yenyewe ilipo, na ukishaelewa wanagombania nini basi episodi zote 15 zinakaa sawa kichwani, mpaka ile ngumi aliyopigwa nesi Dana, mpaka yale masaa ya majeruhi wa risasi. Ngoja nilifungue hili fundo taratibu. Na kama hujaiangalia bado, ujue kabisa humu nataja mambo mpaka ya episodi ya mwisho.

Kwanza mambo ya msingi, haraka haraka. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Januari 9, 2025 kwenye Max ikamalizika Aprili 10. Aliyeibuni ni R. Scott Gemmill, akiwa na John Wells na Noah Wyle, na wote watatu walishafanya kazi pamoja kwenye ER, ile tamthilia ya hospitali ya televisheni ya NBC ya 1994 mpaka 2009 ambako Wyle alikuwa yule kijana John Carter. Sasa hivi ndo yeye mkubwa, Dr. Michael Robinavitch, wote wanamwita Robby. Hospitali ni ya kubuni, inaitwa Pittsburgh Trauma Medical Center, ila mji ni Pittsburgh ya kweli kule Pennsylvania. Kila episodi ni saa moja ya shifti moja, inaanza saa moja asubuhi, ilitakiwa iishe saa moja jioni, inakuja kufika saa nne usiku. Muziki wa kukuambia sasa ogopa, sasa lia, karibu hamna, unasikia mashine na sauti za watu tu. Septemba 2025 ikachukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani, ya tamthilia bora, na Wyle, Katherine LaNasa anayecheza nesi Dana na Shawn Hatosy anayecheza Dr. Abbot kila mmoja akaondoka na yake.

Halafu vyeo, manake bila hivi utapotea. Robby ni daktari bingwa msimamizi wa shifti, kila kitu kinachotokea pale kinamrudia yeye. Chini yake kuna wale ambao tayari ni madaktari ila bado wanasomea ubingwa wa dharura, Langdon na Collins ndo wakubwa, Mohan yuko mwaka wa tatu, Mel King na McKay wako nyuma yake, na Santos ndo kwanza intani, siku ya kwanza. Wa chini kabisa ni wanafunzi, Whitaker na Javadi, hawawezi kumwandikia mtu dawa bila mkubwa kukubali. Dana yuko nje ya hiyo ngazi, ni nesi kiongozi, na kiukweli yeye ndo anajua nani yuko kitanda gani na nani anafuata, ukimtoa Dana idara nzima inapotea njia. Ila hata huyo Robby aliye juu ya wote hana mamlaka juu ya kitu kimoja tu, na hicho kimoja ndo kinamuua: vitanda vya ghorofani.

Twende kwenye kiini sasa. Marekani kuna sheria ya mwaka 1986 inaitwa EMTALA, inasema hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea hela za Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee (yaani karibu zote) lazima imwangalie kila anayeingia mlangoni na kumtuliza kama hali yake ni ya hatari, awe ana bima hana bima, ana hela hana. Sheria nzuri sana, imeokoa watu wengi waliokuwa wanafukuzwa mlangoni. Lakini angalia inachosababisha ukiichanganya na mambo mengine. Mlango wa chini, ule wa dharura, haufungwi kamwe. Mlango wa juu, ule wa kwenda wodini na ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), unafungwa pale wodi inaposema imejaa. Kwa hiyo mgonjwa ambaye Robby na timu yake wameshammaliza, wameshajua ana nini, wameshaanza dawa, wameshaandika alazwe, anabaki palepale kwenye machela akisubiri kitanda, masaa, wakati mwingine siku nzima na zaidi. Huyo anakalia nafasi ya idara ya dharura ingawa si wa dharura tena. Wakiwa hivyo 20, na idara ina vyumba vyake vya kuhesabika, wewe uliyeingia na tumbo linakukata unakaa kwenye kiti cha plastiki, na hamna daktari mvivu mahali popote kwenye hiyo stori.

Chukulia beseni, bomba liko wazi na tundu la kutolea maji limeziba, hata uoshe vyombo kwa kasi gani maji yatamwagika tu. Ndo maana Robby anapandwa na hasira anapoambiwa idara yake iongeze spidi. Spidi siyo tatizo.

Na kuna hesabu hapa ambayo watu wengi hawaijui na mimi naipenda kwa sababu inaeleza kwa nini mambo yanaharibika ghafla. Chukua foleni rahisi kabisa, mhudumu mmoja, watu wanafika bila mpangilio. Mhudumu akiwa bize asilimia 80 ya muda, anayefika anasubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumia mtu mmoja. Akiwa bize asilimia 90 ni mara 9. Asilimia 95, mara 19. Umeona hapo? Ubize umepanda kidogo tu na kusubiri kumekuwa karibu mara tano ya mwanzo. Hospitali halisi ni ngumu kuliko hiyo hesabu ila tabia ni ileile, ukiiendesha karibu na kujaa kabisa kwa sababu kitanda kitupu kinaonekana hasara, basi basi moja tu likipata ajali foleni inalipuka na hairudi chini mpaka kesho yake.

Kwa nini sasa wodi zinajaa? Hapa sababu ziko kadhaa na zinashikana. Ya kwanza ndo ile Robby anamrushia Gloria usoni: manesi. Kitanda bila nesi hakihesabiki, hakuna wa kumwangalia mgonjwa, kwa hiyo wodi inaweza kuwa na vitanda vitupu kabisa na bado ikasema imejaa. Gloria anajitetea kwamba manesi ni wachache nchi nzima, Robby anamwambia walipwe vizuri uone kama hawatapatikana. California wana sheria inayoweka kiwango, nesi mmoja kwa wagonjwa wasiozidi 5 kwenye wodi za kawaida na wasiozidi 2 ICU, ilianza kufanya kazi 2004. Pennsylvania hawana ya namna hiyo. Sababu ya pili ni oparesheni za kupangwa. Zinaleta hela nzuri, madaktari wa upasuaji wanapenda kuzifanya asubuhi za siku za kazi, kwa hiyo vitanda vinawekwa akiba kwa ajili ya mtu atakayekuja na goti lake keshokutwa wakati bibi mwenye nimonia yuko kwenye korido chini. Ya tatu, mgonjwa aliyepona haondoki mpaka daktari asaini, dawa zitoke, ndugu waje, au kituo cha wazee kikubali kumpokea, na mara nyingi hayo yote yanakamilika jioni wakati chini walijaa toka saa nne asubuhi.

Ukishashika hilo, mwangalie Doug Driscoll. Nadhani ni mgonjwa aliyeandikwa vizuri kuliko wote kwenye sizoni, na watu wengi wanamkumbuka kama yule mshenzi tu. Anakuja na maumivu ya kifua. Wanampiga ECG, kipimo cha umeme wa moyo, haionyeshi mshtuko wa moyo. Wanamchukua damu kupima troponini, ambayo ni protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo ikiumia, na haipandi dakika ileile, inachukua masaa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikiwa safi hakimaanishi uko salama, lazima urudiwe baada ya masaa kadhaa. Kitaalamu kila kitu kimefanywa sawa: hatari yake imepimwa, damu iko maabara, anasubiri cha pili. Ila yeye anachokiona ni kwamba amekuja na kifua, amechomwa sindano, amerudishwa kwenye kiti, na watu waliokuja baada yake wanaitwa mbele yake. Hakuna aliyekaa naye hata dakika mbili kumweleza, kwa sababu wa kumweleza hayupo, yuko anahudumia wale wa korido. Hasira inapanda masaa na masaa, anatukana, anatishia, mwishoni anaamua kuondoka, anamkuta Dana nje amepumzika na sigara yake anampiga ngumi ya uso. Ngumi ni kosa lake na hakuna kumtetea. Lakini ukiuliza ile hasira imetoka wapi unaishia kwenye kitanda cha ghorofani kisicho na nesi, na aliyepigwa ni nesi. Waandishi hawakusema hilo kwa mdomo hata mara moja, wameliacha pale ulione mwenyewe, na mwisho wa shifti Dana hajui kama atarudi kazini. Kwa hiyo nesi mwingine huenda amepungua.

Zile alama za kuridhika ambazo Gloria anabeba kila akishuka, nazo ni kitu halisi. Hospitali za Marekani zinatuma maswali kwa wagonjwa baada ya matibabu, ulisikilizwa, ulisubiri sana, na majibu yanaingia kwenye sifa ya hospitali na kwa upande wa waliolazwa yanagusa hata malipo ya serikali. Shida ni kwamba idara ya dharura inapewa alama mbovu kwa kitu ambacho funguo zake ziko kwa mtu mwingine. Na presha hiyo inashuka chini mpaka kwa Dr. Mohan. Wamembandika jina la utani Slo-Mo kwa sababu anakaa sana na mgonjwa mmoja, anauliza, anasikiliza, na Robby mwenyewe anamsukuma aongeze kasi. Lakini mkumbuke yule dada mwenye selimundu aliyeletwa amefungwa kwenye machela, walidhani anatafuta dawa za kulevya, Mohan akaangalia akaelewa ni maumivu ya kweli ya ugonjwa akampa dawa ya kutosha. Huo ndo uharaka unaotakiwa, na hauonekani kwenye chati yoyote. Nilisikitika kidogo na Robby hapo, kwa sababu yeye anajua kabisa tatizo halitokani na Mohan na bado anambana yeye.

Kuna wengine wanateseka kimyakimya na foleni hii. Bwana Milton wa Whitaker, amekuja na mawe kwenye nyongo, hali yake ya kawaida kabisa, yuko anasubiri, Whitaker anarudi kumcheki anakuta mapigo yamesimama. Halafu yule kijana Nick aliyezidiwa na fentanili, dawa kali ya maumivu inayotumika pia kama dawa ya kulevya: wazazi wake hawawezi kukubali kwamba ubongo umeshakufa wakati kifua bado kinapanda na kushuka kwa mashine, Robby anawapa muda, anarudia vipimo ambavyo jibu lake analijua, kisha pole pole anaingia suala la kutoa viungo. Masaa yote hayo chumba kimekaliwa. Na mimi nasema kilikaliwa vizuri. Hilo ndo gumu la mada hii, siyo kila anayekalia kitanda muda mrefu anakipoteza, kuna muda ambao ni matibabu yenyewe.

Stori ya Langdon na Santos nitaipitia tu. Dawa za kutuliza kwenye idara kama ile zinakaa kwenye kabati la kielektroniki, unafungua kwa jina lako, linaandika umechukua nini saa ngapi kwa mgonjwa gani, na mabaki yanamwagwa mbele ya shahidi. Santos anaona kichupa cha lorazepamu hakifunguki vizuri kama vingine, anaona vidonge vya mgonjwa mmoja wa pombe havifiki idadi, anaanza kuunganisha, na anayemshuku ni mtu aliye juu yake kwa mbali, kipenzi cha bosi, halafu yeye mwenyewe ana masaa machache tu pale na tayari hapendwi. Langdon alianza na maumivu ya mgongo. Robby anamtoa nje ya idara siku hiyohiyo, na uchungu wake ni kwamba ni mtu aliyemlea mwenyewe.

Sasa risasi. Kwenye tamasha la muziki la PittFest mtu anafyatua risasi kwenye umati na majeruhi wanaanza kuletwa kwa makundi, na hapo kila kanuni ya mchana inageuzwa juu chini. Siku ya kawaida, aliye karibu na kufa ndo anapata watu wengi zaidi, timu nzima inamzunguka mmoja. Kwenye janga la wengi swali linabadilika, kwa damu hii na mikono hii tutaokoa watu wangapi? Mlangoni wanapangwa kwa sekunde kwa mikanda ya rangi mkononi, hakuna faili, hakuna eksirei kwa kila mtu, hakuna kuandikisha jina, na asiye na mapigo hafufuliwi, anawekwa pembeni ili anayeweza kuokolewa ashikwe. Kwa daktari aliyefundishwa maisha yake yote kutokukata tamaa hiyo ni kama kuambiwa avunje kiapo. Damu inaisha mpaka Abbot anajitoa yake mwenyewe huku anaendelea na kazi. Na Robby, kiongozi, ndo anaivunja kanuni: Leah, mpenzi wa Jake, yule kijana anayemchukulia kama mwanae, ameletwa na jeraha la kifua lisilopona, na Robby anamwaga damu na muda kwake kuliko anavyoruhusu mtu mwingine yeyote. Anakufa hata hivyo. Baada ya hapo ndo Robby anadondoka kwenye chumba cha watoto walichogeuza mochwari, na siku yenyewe ni kumbukumbu ya siku aliyofariki mwalimu wake Dr. Adamson kwa kovidi miaka ya nyuma. Wyle alistahili Emmy kwa dakika hizo peke yake.

Lakini mimi nataka uangalie kitu kabla majeruhi hawajafika. Idara inamwagwa. Wa kuruhusiwa wanaruhusiwa, na wale waliokuwa wanasubiri vitanda toka asubuhi wanapandishwa juu, ndani ya muda mfupi sana, wakakae huko hata kama ni kwenye korido za wodi. Kitu kilichokuwa hakiwezekani saa nne asubuhi kimewezekana jioni. Na hii siyo ujanja wa waandishi, kuna hospitali zinaifanya bila kusubiri janga. Stony Brook, jimbo la New York, walianza miaka ya mwanzo ya 2000: chini kukijaa kupita kiasi, wanaosubiri kulazwa wanagawanywa kwenye korido za wodi mbalimbali, mmoja mmoja, badala ya wote kurundikwa kwenye korido moja ya dharura. Nesi wa wodi akiongezewa mgonjwa mmoja anaweza, nesi wa dharura akiongezewa kumi hawezi, na kumbe mgonjwa akishafika juu chumba huwa kinapatikana haraka. Njia nyingine ni kusambaza oparesheni za kupangwa wiki nzima badala ya kuzirundika siku chache, mtaalamu wa uendeshaji wa hospitali Eugene Litvak amelipigania hilo miaka mingi. Zote mbili zinahitaji wakubwa wa idara nyingine wakubali kubeba sehemu ya mzigo, na wenyewe huku chini hawaji.

Sizoni ina kasoro zake. Kesi ngumu zimerundikwa mno kwenye shifti moja, wenye vifundo vya miguu vilivyoteguka na vidonge vya presha vilivyoisha wako wachache kuliko uhalisia. Na Gloria kaonewa, wamemfanya mtu wa kuleta karipio tu wakati yeye pia anapokea amri, bajeti haiandiki peke yake. Kule mwishoni wakaleta kijana mwenye surua asiyechanjwa, mama anakataa mwanae atolewe majimaji ya uti wa mgongo kwa sababu ya alichosoma intaneti, wengi wakaona imezidi. Mimi niliikubali. Kirusi cha surua kinabaki hewani mpaka masaa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, halafu fikiria chumba cha kusubiri kilichojaa wazee, wajawazito na vichanga kwa masaa 8.

Alafu kuna Whitaker, mwanafunzi mpole ambaye nguo zake zinachafuliwa kila baada ya muda mfupi. Episodi ya mwisho Santos anagundua hana pa kuishi, amekuwa analala kwa siri juu ghorofani kwenye upande wa hospitali uliofungwa. Watu waliguswa na umaskini wa kijana, sawa kabisa, na Santos kumkaribisha kwake ni jambo zuri. Ila kiangalie hicho chumba. Kipo kwenye jengo lilelile ambalo limeshinda siku nzima likimwambia Robby hamna nafasi, kina kitanda, na anayekilalia ni mwanafunzi kwa sababu hakuna nesi aliyepangiwa huko.